Jiwe la Daforoza

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mashine ya kusaga ya Buzebazeba, nilivaa shati jeusi jipya. Msimamizi, mzee wa Ujiji asiyevua kofia, alinitazama juu hadi chini. "Umekuja kuposa au kusaga?" Kufika adhuhuri nilikuwa mweupe mpaka kope.

Alinifundisha kufumba macho na kuisikiliza injini. "Ikikoroma, punguza mahindi. Ikiimba, ongeza." Alinionyesha kubadili nyundo, yaani vyuma vinavyopiga nafaka ndani, na chekeche, bati la matundu linaloamua ulaini wa unga. Baada ya mwaka mmoja nilijiona fundi asiye na mwenzake.

Miaka ya wakimbizi wa Burundi nikahamishiwa mashine ya kambini, chini ya Mkuu wa Ghala. Mgao ulikuwa mahindi mazima, magumu, na bila mashine hakuna ugali. Masika moja barabara ikakatika, lori la dizeli likakwama njiani. Tulibakiwa na nusu pipa.

"Kila kaya ipate unga," Mkuu aliniambia. "Watoto wameanza kuumwa matumbo kwa mahindi ya kuchemsha. Utafanyaje, sijui."

Mimi pia sikujua, na niliogopa kweli.

Asubuhi ile akaja Daforoza, mama wa Kirundi, na mahindi yake na jiwe bapa alilotoka nalo kwao. Wenyewe huliita urusyo. Nikacheka. "Mama, hapa ni mashine. Hilo mpelekee bibi yako."

"Bibi ni mimi," akajibu, akapiga magoti. Akaparaza mahindi, yaani akayavunja vipande vikubwa tu bila kuyasaga. "Chuma chako kinachoka kuvunja, mwanangu. Mimi nivunje, chenyewe kisage."

Nikamimina. Injini iliyokuwa ikikoroma tangu alfajiri ikaimba, na debe likasagika haraka kuliko nilivyowahi kuona. Niliona haya, kisha nikafurahi kama mtoto. Haukupita muda akina mama wakaleta mawe yao, wasio na mawe wakaleta vinu, na uwanja mzima ukawa kelele, vumbi na nyimbo za Kirundi. Kaya ya mwisho ilipoondoka na unga wake, kwenye pipa bado kulikuwa na dizeli kidogo.

Mkuu aliuonja unga kwa kidole. "Nani kakufundisha?"

Nilitamani kusema ni akili yangu. Nikamwonyesha Daforoza.

Aliporudi kwao aliniachia lile jiwe. "Reka, acha likae kwako. Mafuta yataisha tena."

Sasa nimestaafu, na mtaani kwetu Rusimbi kuna mashine ya jua: paneli juu ya paa, hakuna moshi wala pipa. Naipenda mno, ila nguvu zake hazifikii za dizeli. Juzi nilipakia jiwe kwenye bodaboda nikalipeleka. Zuhura, binti anayeiendesha, akaangua kicheko.

"Shikamoo, babu. Hilo si la mabibi? Sisi tunasagia jua."

"Marahaba," nikasema, nikakaa kwenye benchi.

Kabla ya chakula cha mchana wingu likapanda kutoka ng'ambo ya ziwa. Mota ikaanza kukoroma. Zuhura akatazama paa, akatazama foleni ya akina mama waliosubiri unga, akanitazama mimi.

Nikapiga magoti, yakalia.

"Leo bibi ni mimi," nikamwambia. "Leta mahindi."