Sauti inayotukataza kurudi nyumbani

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mwalimu wa zamani, nimefiwa na mke. Naishi Kasha, hapa Bukavu, na mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu. Nyumbani kwetu ni Luberizi, kwenye uwanda wa Ruzizi. Tulikimbia vita, mimi na watoto, nikiamini tutarudi kabla ya mavuno. Watoto wale sasa wana watoto wao. Mdogo wangu alibaki kule. Ndiye anayelima shamba langu la mpunga karibu na mfereji, na ndiye anayepalilia kaburi la mke wangu, pembeni mwa shamba hilo. Naandika kwa sababu nimeanza kumshuku, na kilichoniamsha mtakicheka: ni filamu.

Mjukuu wangu anafuata filamu moja ya mfululizo, ambayo sasa iko saison, yaani msimu, wa tisa. Inahusu watu waliokimbia sayari yao baada ya hewa kuharibika. Wanaishi ndani ya chombo kikubwa angani, wanazaana humo, wanazeeka humo. Mtu mmoja tu alibaki chini, kwenye kituo cha redio. Kila wakitaka kurudi, sauti yake inawafikia: bado kuna sumu, ngojeni. Nilianza kuitazama ili kumfurahisha mjukuu, kisha ikawa mimi ndiye ninayemkumbusha siku yake.

Wapenzi wa filamu hiyo wana vikundi kwenye simu, humo wanabishana ni nani adui aliyejificha. Jumapili moja baada ya misa tulikuwa uani tunachambua mchele, mjukuu akanisomea mimi, koko wake, nadharia mpya.

“Koko, sikia. Banasema mubaya ni ule wa redio. Sumu ilishaisha zamani. Anabadanganya ili abakie na dunia yote peke yake.”

“Wana ushahidi gani?”

“Baliongeza sauti. Akiwa anasema, nyuma yake kunasikilika ndege. Sasa kama hewa ni sumu, bale ndege banapumua nini?”

Nilicheka naye. Kisha mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Mchele ule ni ule ambao mdogo wangu hunitumia kila mavuno, akisema umetoka shambani kwangu. Tangu tukae pale sikuwa nimeokota jiwe hata moja. Mchele wa kwetu naujua. Unakuja na mawe, na makapi, na punje zilizovunjika, na ukichemka hata jirani anajua unapika nini. Huu ulikuwa mrefu, mweupe, safi, kama wa dukani.

“Huu mchele hauna mawe,” nikasema.

“Eh, Koko! Sasa unalilia mawe? Meno yenyewe imebakia ngapi?”

Mdogo wangu alipopiga simu juma lile, nilisikiliza kilicho nyuma yake kuliko yeye mwenyewe. Huniita yaya, yaani kaka mkubwa.

“Yaya, usikuye kwanza. Huku haiko muzuri. Batu banalala na viatu.”

Nyuma yake ngoma zilikuwa zinalia, na wanawake wanapiga vigelegele.

“Hiyo ngoma ni ya nini?”

“Ni redio, yaya.”

Nikamuuliza habari za mchele usio na mawe. Akasema wamepata mashine mpya ya kukoboa. Inawezekana. Najua pia kwamba kule hali hugeuka ghafla, na kwamba watu huoana hata katika miaka mibaya. Lakini kama ilikuwa harusi, kwa nini aseme ni redio?

Nikaenda kwa jirani yetu, mama anayeleta mchele kutoka uwandani.

“Maman, barabara inapitika?”

“Papa, kila juma niko nashuka. Siku ikifungwa nalala Nyangezi, asubui naendelea.”

“Na mashamba ya upande wa mfereji, yako namna gani?”

Akageuka, akaanza kumpimia mteja mchele. “Kule mi sifikake sana, papa. Ukitaka kujionea, samedi kuko nafasi mu camion.”

Nimefundisha miaka mingi. Namjua mwanafunzi anayejua jibu na hataki kulisema.

Niliporudi nikamweleza mjukuu wangu kila kitu. Safari hii hakucheka.

“Koko, kuko kikundi kingine. Benyewe banasema ule wa redio hana ubaya. Kule chini hakuna kitu tena, hata nyumba, hata makaburi. Bale ndege ni kaseti, anajipigia juu ya upweke. Anabakataza kurudi ili basione.”

“Na filamu yenyewe inasemaje?”

“Bado. Benye kuitunga banatuchezea tu.”

Tangu hapo nina wadogo wawili kichwani. Mmoja anauza mchele wangu mzuri na kunitumia wa dukani. Mwingine alishanyang'anywa shamba zamani, na kila mavuno anaenda sokoni, ananunua mchele, anaubadilishia mfuko, ili nizidi kuamini kwamba ninakula cha kwangu. Huyo wa pili, kila nikimuuliza habari za kaburi, ananijibu, “Nililipalilia, yaya.”

Nimeshaomba nafasi ya Jumamosi kwenye lori. Mdogo wangu hajui. Mjukuu ananiambia, “Umuulize tu, Koko. Ni mudogo yako.” Lakini akiwa mwizi, nikimpigia atapata muda wa kupanga mambo yake. Na akiwa yule mwingine, atanisihi nisije, nami nitamtii kama nilivyomtii siku zote.

Akiwa mwizi tutagombana, wakubwa wa ukoo watatusuluhisha, na nitakuwa bado na kwetu. Ninachoogopa ni kushuka kwenye lori nikiwa na maneno makali mdomoni, nimkute hana kosa lolote.

Mliokimbia kisha mkarudi, nishaurini: nipande lori au nipige simu kwanza? Na ninyi mliobaki nyumbani, ninyi mnaopokea simu zetu, niambieni ukweli: mkituambia tusije, huwa mnatuficha nini?