Siku Muvure wa Ntahondi Ulipoingia Majini

Enzi zetu kule Makere, maji tuliyoyajua sisi watoto yalikuwa ya kubeba kichwani. Tuliyafuata kisimani kabla ya shule, yakatumwagikia mgongoni njia nzima, na tukifika nyumbani mama alichungulia ndani akauliza, "Mmeleta maji au mmeleta ndoo?" Habari za maji yanayombeba mtu tulizisikia kwa baba peke yake. Tulimwita Data, ndivyo Waha na Warundi tunavyowaita baba zetu.

Data alizaliwa Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kabla vita havijamleta huku milimani alikuwa mvuvi. Huku alilima maharage na mihogo kama jirani yeyote, ila mdomo wake ulibaki ziwani. Jioni alichukua mwiko wa ugali, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akatuonyesha jinsi ya kupiga kasia na kugeuza chombo kwa kukunja kiwiko tu. Mama, Muha wa kijiji cha Muyama asiyewahi kuliona ziwa, alimnyang'anya mwiko. "Nahodha, ugali unaungua."

Kilabuni hawakuwa na huruma. Walimbandika jina la Mzee Ziwa, likatufuata hadi shuleni, na kaka yangu Deo alirudi si mara moja na shati lililochanika kwa kumpigania. Jina lenyewe halikutuuma sana. Lililotuuma ni kwamba hatukuwa na la kujibu. Hakuna mtu Makere aliyewahi kumwona Data kwenye chombo, hata mama. Naye aliolewa kwa maneno yale yale.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa Mzee Ntahondi, fundi wa kuchonga mivure. Kwa msiolelewa migombani, muvure ni gogo refu lililochimbwa ndani, humo ndizi mbivu hukandwa kwa nyasi mpaka zitoe maji yake, ambayo baadaye huwa urwarwa, pombe yetu ya sherehe. Masika moja mti mkubwa ulianguka shambani kwetu, na wakati huo huo mto wa bondeni ukafurika, ukatuama kati ya mafunjo kwa upana ambao hatujawahi kuuona. Ntahondi akaja, akalizunguka lile gogo, akasema majirani wakisikia:

"Mzee Ziwa, gogo hili hapa, maji yale kule. Nakuchongea mimi. Ukivuka ukarudi, sikutanii tena hadi mnizike. Ukishindwa, tunakandia ndizi humo, na habari za ziwa zikome."

"Ego," Data akajibu, yaani ndiyo. "Chonga."

Nyumba yetu ikawa karakana. Tulilala na kuamka na harufu ya mti mbichi, mama akapikia vipande vilivyoruka kwenye tezo, na mimi nikavaa mataji ya maganda ya mti ule. Data alichora kwa mkaa: huku pembamba, huku chini pajae, ubavu usizidi unene wa kiganja. Ntahondi alinung'unika lakini akafuata kila alama. Siku ya kumalizia, Data alikwenda gulioni Kasulu, fundi akabaki peke yake, na mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya maisha yake yote.

Jumamosi wanaume walilibeba hadi bondeni, na Makere nzima ikateremka nyuma yao, watu wakitafuna mahindi ya kuchoma. Data akapapasa ndani kwa mara ya mwisho. Kule nyuma, chini kabisa, mkono ukasimama. Kulikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, limezibwa vizuri kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa.

"Ntahondi, hiki nini?"

"Tundu," Ntahondi akajibu kwa fahari. Kila muvure una tundu la kutolea maji ya ndizi. "Wewe ulisahau kulichora. Sasa maji yakiingia, yatatokea wapi?"

Data alifunga macho. Watu walishaanza kucheka, wengine wakiulizana ndizi zimeiva wapi. Kama angesema tungoje, kicheko kile kingetukaa mlangoni miaka yote. Akaokota gunzi la hindi, akaligongomea tunduni kwa kisigino, akasukuma chombo majini. "Wa kwanza kupanda ni wanangu," akasema.

Deo akapanda, nami nikapanda. Niliogopa, nakiri, lakini kumwaibisha Data niliogopa zaidi. Hapo nikamwona mama akikaza kitenge. Wanawake walimshika mkono, "Mama Deo, usithubutu!" Akajinasua, akaingia mpaka nyuma kabisa, akaketi akinitazama.

Data akapiga kasia. Sijawahi kumwona mtu akibadilika vile. Mabega yaliyoinamia jembe yakanyooka, kasia likaingia majini bila kurusha tone, na kelele za watu zikabaki nyuma. Mafunjo yalipita karibu kiasi cha kuyashika. Tulifika ng'ambo, akakunja kiwiko, chombo kikageuka, kama alivyotuonyesha kwa mwiko. Deo alipiga kelele za furaha mpaka akakauka sauti.

Katikati ya kurudi, gunzi la hindi lilielea miguuni pangu.

Nikamtazama mama. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi kiunoni. Alikuwa amelikalia tundu, amelibana kwa uzito wake wote, na maji bado yalikuwa yakimpenya. Akaweka kidole mdomoni. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, Deo akaupokea, na waliokuwa ufukweni nao wakaupokea.

Tulipogusa nchi kavu, Ntahondi alivua kofia. Watu walimbeba Data juu juu, na toka siku hiyo Mzee Ziwa likawa jina la heshima. Mama hakuinuka mpaka wote walipogeuka. Alirudi nyumbani kwa njia ya migombani, akichuruzika.

Data alisimulia safari ile mpaka alipofariki, na kila mara alimalizia kwamba halikuingia tone. "Hata tone," mama aliitikia, akimwongezea chai.

Leo naishi Kasulu mjini, na wanangu nikiwasimulia wanauliza, "Mama, video iko wapi?" Kizazi hiki, mtu akimpelekea mkewe chipsi, dunia nzima lazima ione kabla hazijapoa. Nawacheka, nawapenda, na nawasikitikia kidogo.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama Data alijua. Mama alicheka mpaka akapaliwa.

"Kile kitenge, unadhani alikifua nani?"

Enzi zile, Makere yetu, mwanamume alitungiwa nyimbo kilabuni kwa kuteka maji tu, sembuse kufua nguo ya mkewe. Data alikifua jioni ile ile kwa mikono yake. Akakianika mbele ya nyumba, upande wa barabara, watu wote wapitapo.