Siku Mzee Owuor Alipokunywa Sosi ya Saladi

Kuna aibu zinazopoa zenyewe ukiziacha, na kuna hii yangu, ambayo kila nikidhani imepoa nakutana na mtu sokoni anaanza kucheka kabla hata ya kunisalimia, kwa hivyo nimeamua niisimulie mimi mwenyewe, maana wengine wameshaitia chumvi mpaka wanasema eti mzee wa watu alilazwa hospitali (hakulazwa, alienda kwake akitembea kwa miguu yake mwenyewe, nilimwona).

Mimi nakaanga samaki na chipsi kando ya barabara hapa Migosi, Kisumu. Kazi si mbaya, lakini moshi umenipa macho mekundu kama ya mlevi, na kwa muda mrefu nilikuwa namwomba Mungu anifungulie mlango wa kupikia watu kwenye sherehe. Basi Mercy, msichana wa kanisani kwetu ambaye hununua samaki kwangu karibu kila jioni, akaniambia anaolewa, na kwamba babake, Mzee Owuor anayeuza mbao kule Mamboleo, anatafuta mtu wa kupika siku ya harusi.

"Lakini Anti," akasema, "mimi nataka saladi yenye ile sosi nyeupe, nzito, kama ya zile hoteli za ufuoni. Unaijua?"

"Hiyo? Hiyo ni kitu kidogo sana."

(Sikuwa nimewahi kuitengeneza. Nilikuwa nimeionja mara moja tu, tena kwa sahani ya mtu mwingine.)

Tukakubaliana waje kwangu Jumamosi mchana waonje mapishi yangu: Mercy, babake, na Mama Dorka, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mercy akanionya kwamba babake hapendi majani mabichi, anasema mtu mzima hawezi kula chakula cha sungura, kwa hivyo sosi ndiyo itakayomgeuza roho. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumamosi asubuhi nikatazama video kwa simu, nikaingia jikoni. Nikaweka mayonezi kwenye bakuli, nikatwanga kitunguu saumu, nikakamua ndimu, nikatia dhania iliyokatwa laini, pilipili manga, chumvi, sukari kidogo, halafu mala, yale maziwa ya kuganda, kidogo kidogo huku nikikoroga, na jamani, nisiwadanganye, ilikubali! Ukiinua kijiko inaning'inia, ukiilamba unafumba macho. Nilicheza peke yangu pale jikoni. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nililitazama lile bakuli nikaona sosi ni kidogo, nikasema wageni wataniona mchoyo, nikachukua pakiti ya mala iliyobaki nikaimimina yote. Ikawa maji. Nikaongeza kitunguu saumu ili ladha irudi (ladha haikurudi, ilikuja harufu). Bakuli likafurika, nikahamishia kila kitu kwenye jagi, nikalitia kwa friji, na saa ya wageni ilipokaribia nikalitoa nikaliweka katikati ya meza, baridi, likitoa jasho, na glasi za maji nimezipanga kando yake.

Sasa niambieni nyinyi, mtu wa Kisumu akiona jagi baridi lenye kitu cheupe, na glasi ziko hapo hapo, atafikiria nini?

Mzee na Mama Dorka walifika kwanza, Mercy alikuwa amechelewa kwa fundi wa nguo. Jua lilikuwa lile letu la kukausha omena, dagaa wa ziwani, na nyumba yangu iko ghorofa ya juu kabisa. Mzee alikaa akihema, kofia mkononi. Nikawakaribisha, Mama Dorka akasali, mimi nikakimbilia jikoni kugeuza samaki. Nikiwa huko nikamsikia Mama Dorka akisema, "Aa, Mzee, mama ametuwekea mala," nikasikia na kitu kikimiminwa, gulu gulu gulu, mwiko ukaniponyoka.

Niliporudi, glasi ya Mzee ilikuwa nusu. Mashavu yalikuwa yamemjaa. Alikishikilia kile kitu mdomoni, akanitazama, akatazama dari, akafumba macho, akameza. Mzee Owuor ni mtu wa heshima, hawezi kutema kwa nyumba ya watu.

"Mama," akasema polepole, "hii mala umeitoa wapi?"

Pale ningesema ukweli tungecheka yaishe. Lakini ulimi wangu ulishaondoka bila mimi.

"Ni ya kienyeji, Mzee."

Mama Dorka naye alikuwa ameonja. Akainusa glasi. "Na hii si ni kitunguu saumu?"

"Ndiyo, mama. Hiyo... hiyo ni nzuri kwa presha."

Yawa! Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Na ningejuaje kwamba Mzee ana presha? Uso wake uliokuwa umekunjamana ukafunguka, akaketi wima. "Basi kama ni dawa," akasema, "utamu hatuulizi." Akavuta pumzi, akamaliza glasi yote bila kupumzika, akaisukuma mbele yangu. "Niongeze, nyathina."

Ameniita mtoto wangu! Na mimi, mtoto wake, nikamwongeza. Nikajaza glasi, naye akanywa akiwa ameshika pua, huku Mama Dorka akimtia moyo, "Kunywa, Mzee, afya ni muhimu."

Ndipo Mercy akaingia. Nilikuwa nimeshaleta samaki na ile saladi, majani, nyanya na matango yamejipanga vizuri kwenye sinia. Akasalimia, akatazama meza, akauliza, "Anti, sosi ya saladi iko wapi?"

Nilianza kufuta meza, na meza ilikuwa safi.

Mercy akaona jagi. Akachovya kidole, akaonja. "Si ni hii?" Akaona glasi. Akaona mdomo wa babake, mweupe pembeni, na kijani kidogo cha dhania kwenye sharubu. "Baba! Umekunywa sosi?"

Mzee akabeua, mbweu ndefu ya kitunguu saumu, na Mama Dorka akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza kwenye kochi akakaa chini, leso usoni. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, na si ya kucheka. Nikapiga magoti. Nikasema yote, kwamba ile sosi sijawahi kuipika, kwamba niliiharibu kwa mala, na kwamba habari ya presha niliitunga nikiwa nimesimama pale pale.

Mzee akafikiri. "Kwa hivyo presha yangu bado iko?"

"Iko, Mzee. Pengine leo nimeiongeza."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, kama mtu anayeogopa kicheko kisitoke na ile harufu. Akachukua jagi, akamwagia saladi matone yaliyobaki, akala jani moja, akala la pili. "Hapa ndipo mahali pake," akasema. "Kwa glasi inaua. Samaki wako hawana kosa. Rudia hii kitu, iwe nzito, nami nitakuja nione mwenyewe. Lakini siku nyingine tukikuuliza jambo, utujibu ukweli."

Nikairudia. Nilimwaga mbili, ya tatu ikakubali, akaja akaila na kipande cha samaki wa ngege, akaniambia nianze kutafuta masufuria makubwa. Siku ya harusi nilipika, na Mzee, badala ya kuwashauri maharusi, akashika kipaza sauti akawasimulia watu wote habari ya glasi zake mbili huku akininyooshea kidole nikiwa nimeshika sinia. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kabla hema halijakunjwa mama wawili walikuja kuniomba nambari ya simu, mmoja ana mahafali, mwingine ana ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wake.

Yule wa ruracio akaniuliza kama najua kupika mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi. Nikamwambia, "Sijui, mama. Lakini nipe wiki moja nijifunze, halafu uje uonje."

Akaja.