Kikombe Kilichofunikwa

Mzee wetu wa ofisi ya kupanga safari za ndege alibandika karatasi nyuma ya mlango wa kabati lake: mishahara ya wapanga safari kama sisi katika kampuni zote kubwa, kwa penseli. Kila aliyetuhama alimpigia simu kumpa habari, naye alifuta, akapuliza, akaandika upya kwa mwandiko wake wa kulala. Kampuni yetu ilikuwa mkiani siku zote. "Someni wenyewe, wanangu," alinguruma. "Mtembea bure si sawa na mkaa bure." Kisha yeye huyo alirudi kitini, akapiga hesabu ya mafuta na upepo, akatia sahihi, akafunika chai yake kwa kisahani. Hakuigusa mpaka ndege itue.

Asubuhi moja ya mvua, kampuni ya juu kabisa kwenye karatasi ilimpigia yeye mwenyewe kumpa kazi. "Subirini kidogo, nina watu angani," akasema, akaulaza mkono wa simu mezani. Kwa dakika arobaini alikuwa kwenye redio na rubani, akimtafutia uwanja usio na ukungu. "Tumetua, mzee," rubani aliposema, alifunua kisahani akainywa chai yote, baridi vile vile. Simu ilikuwa imeshakatika zamani, wala hakuitazama.

Mwaka uliofuata nafasi ile ya kampuni ya juu niliichukua mimi. Mshahara ni ule ule alioandika, hadi senti ya mwisho. Na huku chai tunainywa ikiwa moto.