Fidla ya Jirani Yetu wa Kibokoni

Leo nimemkatalia mtu mbele ya wageni thelathini, kisha nikainuka nikampa kiti changu.

Alasiri kundi letu la taarabu lilikuwa liwapigie watalii ukumbini kwetu, Kibokoni. Wamekwisha kaa, ndipo habari ikaja: mpiga fidla ana homa.

Nyuma ya wageni akasimama jirani yetu Wekesa, karani wa bandarini, mtu wa bara.

"Mwalimu, naweza kujaribu."

"Bwana, hii si kwaya ya kanisani," nikamkatalia.

Bi Zuhura, mwimbaji wetu, akanikatiza: "Mpe, Mwalimu! Au utapiga wewe kwa chaki?"

Akaenda mbio kwake kuleta fidla yake, akapiga.

Jamani, mwili ulinisisimka. Kila pambo alilijua, hata kile kituo kirefu kabla ya kiitikio, ambacho hatujapata kukiandika popote. Bi Zuhura alisahau kuingia.

Nikampa kiti. "Umefunzwa na nani?"

"Fidla, kanisani. Nyimbo, na ninyi. Dirisha langu latazamana na lenu. Miaka sita nasikiliza mazoezi."

Nasi tangu Ramadhani tumekuwa tukilifunga dirisha letu, tusimsumbue.

Jioni hii nimelifungua kwa mkono wangu.

Nanyi, majirani zenu mnawajua?