Juvénal na Mabingwa wa Poland

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa Waswahili wote wa Stockholm, kuanzia Hallonbergen hadi Norsborg, walio kazini na wanaojifanya wagonjwa, kwamba mtaalamu mkuu wa michezo ya Poland katika ukanda huu si Mpolandi. Ni Mrundi. Anaitwa Juvénal, anakaa Bredäng, anapaka rangi nyumba za watu, na tangu azaliwe hajakimbia isipokuwa alipoikimbia vita na alipoikimbilia treni. Vita aliiponyoka. Treni ilimwacha.

Utaalamu huo aliupata kazini. Kikosi chao cha wapaka rangi ni Wapolandi watupu, yeye peke yake ndiye wa pande za Ziwa Tanganyika, na kila wakikaa kunywa kahawa mazungumzo ni mabingwa. Miaka ikapita, kahawa ikanyweka, na Juvénal akajaa. Muulize habari za Irena Szewińska, atakwambia medali saba za Olimpiki, mbio na kuruka. Mtaje Anita Włodarczyk, atarusha nyundo ya hewani mpaka watu wainamishe vichwa. Iga Świątek alipochukua fainali ya Wimbledon bila kumwachia mpinzani wake hata gemu moja, Juvénal ndiye aliyewatangazia waumini kanisani, katikati ya matangazo ya kwaya. Wakamwita Mpolandi. Hakukataa.

Basi mpwa wake Inès akapata mchumba, na mchumba akawa Tomek, kijana wa Kipolandi aliyekulia hapa hapa Stockholm. Baba yake angekuja kwa ndege kwa ajili ya gusaba, ile siku ya kuomba binti. Kila upande huwa na msemaji, na kwa Warundi wa huku msemaji ni Sixte, mtu wa utani uleule tangu harusi ya kwanza. Juvénal akamfuata dada yake Dative jikoni.

"Niachie mimi. Wanakuja Wapolandi, Dative! Sixte hamjui hata Szewińska."

"Kwani huyo Szewińska ndiye anayeolewa?"

"Nakwambia nitawaweza."

Dative akaweka mwiko chini. Alikuwa mjane, na Inès ndiye mtoto wake wa pekee. "Sikiliza, kakangu. Mwanangu hana baba, ana wewe. Mkwe huyu ukinipotezea, usinijue na mimi sitakujua."

Siku yenyewe ikafika. Tangu asubuhi Juvénal hakutulia. Akahamisha kreti za bia kutoka jikoni hadi barazani, akazirudisha jikoni. Akafunga vazi lake la kitamaduni begani, akalifungua, akalifunga upande wa pili. Akaingia chooni kuhutubia kioo, akatoka, akarudi, amesahau aya moja. Kila lifti ilipolia alikuwa mlangoni.

"Mjomba, snälla, hebu kaa," Inès akamsihi.

"Nimekaa."

"Umesimama, mjomba."

"Moyoni nimekaa."

Sasa, anayeijua gusaba anajua ni mchezo. Wageni wanaingia, wenyeji wanajifanya hawawajui. Wageni wanaomba, wenyeji wanaapa kwamba nyumba hiyo haijapata kuzaa binti. Watu wanabishana, wanacheka, wanakunywa, mpaka mwisho binti anatokea na vigelegele vinapigwa. Asiyeijua anaweza kudhani yuko kortini na kesi imemwelemea. Kwa hiyo mtu alitakiwa awaeleze Wapolandi mapema. Mtu huyo alikuwa Juvénal. Wiki nzima alikuwa na shughuli kubwa zaidi: kujifunza kutamka Kozakiewicz.

Wageni wakaja. Bwana Zbigniew, baba yake Tomek, kipande cha mtu mwenye masharubu, hakujua Kiswidi hata cha kuombea maji. Karibu yake akakaa shangazi Halina, wa kumtafsiria. Tomek mwenyewe alikuwa ameambiwa na Dative jambo moja tu, kwamba bwana harusi hasemi, na akalishika kama askari mpya. Akatazama mbele, mdomo umefungwa.

Juvénal akasimama, sebule imejaa hadi dirishani. Akasema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiswidi.

"Nyinyi ni nani? Mmepotea. Hapa hakuna binti. Na hata angekuwepo, asingekuwa wenu. Treni ziko, rudini mlikotoka!"

Wenyeji wakacheka mpaka sahani zikalia. Halina akatafsiri kwa Kipolandi, neno kwa neno, kwa sauti ya kusoma tangazo la kifo. Utani wote ukamwagikia njiani.

Bwana Zbigniew akainuka. Akafunga vifungo vya koti. Akasema sentensi moja fupi.

"Anasema nini?" Juvénal akauliza.

"Anasema asanteni. Ndege yake ni ya kesho, lakini ataangalia kama kuna ya leo."

Makofi yakalipuka. "Ehee! Huyu mkwe anaijua mila kuliko sisi!" akapaza sauti Maombi, shemasi wa kanisa, machozi ya kicheko yakimtiririka. Bwana Zbigniew akapita katikati ya makofi, shingo nyekundu, akatokea kwenye ujia. Tomek akageuka rangi kama chokaa, na bado hakusema kitu.

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo. "Mjomba!" Inès alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika jikoni. "Anaondoka kweli!"

Juvénal akageuka. Dative alikuwa anamtazama.

Kilichomwokoa kwanza ni viatu. Mjini hapa hakuna anayeingia nyumba ya mtu na viatu, na siku hiyo mlangoni palikuwa na mlima wa viatu, vya wanaume vyote vyeusi. Bwana Zbigniew alikuwa amepiga magoti, anajaribu kimoja, anatupa, anajaribu kingine. Juvénal akapiga magoti ng'ambo ya mlima. Kipolandi hakijui, ukiondoa matusi ya kazini na majina ya mabingwa. Matusi akayaweka akiba; na maelezo, aliona, mtu aliyefukuzwa hayasikii.

"Lewandowski!" akasema, akainua vidole vitano, kisha tisa. "Mabao matano, dakika tisa!"

Bwana Zbigniew hakuinua hata kichwa. Halina, aliyewafuata, akatafsiri mguno wake: "Anasema huyo hata mbwa wanamjua."

"Małysz!" Juvénal akasimama, akainama mbele mikono nyuma, akaelea juu ya viatu kama mruka skii, nusura aangukie pua.

Mkono uliokuwa unachambua viatu ukapunguza kasi.

"Korzeniowski! Dhahabu nne!" Na hapo, akiwa amevaa vazi la heshima la ukoo, Juvénal akatembea kama wale wa matembezi ya kasi, kiuno kikikatika kushoto na kulia, kutoka mlango wa choo hadi mlango wa jiko na kurudi. Wenyeji wakajazana kwenye ujia. Hakuna aliyecheka tena. Walidhani kachanganyikiwa.

Bwana Zbigniew alikuwa amepata kiatu kimoja. Akaanza kukifunga kamba.

Ikabaki moja. Kazini, msimamizi akigeuza mgongo tu, Wapolandi wote humwonyesha ishara moja ya tusi ya mkono, na kila mara hutajwa mwanamichezo yuleyule: aliyeruka kwa upondo Moscow mwaka themanini, uwanja mzima ukimzomea, akavunja rekodi ya dunia, kisha akawapa watazamaji salamu yao.

"Kozakiewicz!" Juvénal akapiga kelele. Akakita kiganja kwenye kiwiko, ngumi ikapanda juu, mbele ya uso wa mkwe.

"Yesu wangu," Dative akasema. Maombi akafumba macho.

Bwana Zbigniew akatazama ngumi ile kwa muda mrefu. Masharubu yakaanza kutikisika. Akavua kiatu, ambacho hata hakikuwa chake, akasimama, akakita kiganja kwenye kiwiko chake mwenyewe na kumrudishia Juvénal ishara ileile, kubwa zaidi. Kisha akamkumbatia na kuporomosha maneno.

"Mwaka ule alikuwa mtoto," Halina akatafsiri, sasa anacheka. "Baba yake aliruka kwa furaha, akavunja meza."

"Mwambie basi! Mwambie kufukuzwa ni mchezo! Ndiyo mila!"

Halina akaeleza. Mzee akasikiliza, akajipiga paji la uso, akarudi sebuleni, akakaa kwa kishindo na kukunja mikono.

"Anasema hajapotea," Halina akatangaza. "Na bila binti haondoki."

Vigelegele vikapasuka. Inès akatoka chumbani akiwa na kikapu kichwani na macho mekundu. Tomek akamgeukia Dative, akaonyesha mdomo wake kwa kidole, anaomba ruhusa.

"Bado," Dative akamjibu. Kisha akampelekea kaka yake bia, ya kwanza kufunguliwa.

Bwana Zbigniew akainua glasi, akamwelekea Juvénal, akasema kwa kirefu.

"Anasema," Halina akatafsiri, "katika maisha yake hajaona mgeni anayependa michezo ya Poland kiasi hiki. Anauliza mapenzi hayo yalianzaje."

Juvénal, ambaye hatimaye alikuwa amekaa, akafuta povu mdomoni.

"Mwambie mimi michezo siipendi," alisema. "Kazini hawana stori nyingine."