Mashine Niliyoizoesha Jibu la Kwanza

Wazee wa kamati ya mashamba hapa kijijini Gatete, karibu na ziwa, walinipa kazi kwa sababu nina kompyuta tu. Shule yangu iliishia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Walitaka kujua, shamba la michikichi likigombaniwa, waite nani kikaoni. Huku aliyerithi na aliyepanda huitwa wote wawili, wakagawana.

Nikatunga lugha ndogo ya kanuni. Unaiandikia nani alirithi, nani alipewa, nani alipanda, halafu unauliza. Niliyoipenda zaidi ni kanuni inayopokea kanuni nyingine, kama kibarua unayempa jembe leo na panga kesho: ipe "alirithi", itafuata urithi hadi mwisho, ipe "alipanda", itafuata mikono iliyopanda.

Ila ilikuwa nzito. Kila ilichopewa ilikitafuta upya toka mwanzo, betri ikaisha kabla ya jibu. Nikaifundisha kukumbuka ilichokwisha kukipata. Hilo sijutii. Kisha nikaongeza: ikipata jibu moja, isimame. Ikawa inajibu kabla hujakohoa.

Juzi akaja mama aliyepanda michikichi kwenye shamba la mjomba wangu tulipokuwa ukimbizini.

"Mutoto wangu, jina langu iko?"

"Haiko, mama."

"Haiko? Michikichi ilijipanda?"

Mzee mmoja wa kamati akacheka. "Mashine haina shamba, mama. Itakuonea ya nini?"

Hapo nikaona. Urithi niliutanguliza, upandaji nikauweka mwisho. Mashine ilimkuta mjomba, ikasimama. Kusema haki, urithi ndio ulioulizwa sana, na mpangilio ule uliharakisha kazi. Lakini sisi tuliorudi ndio warithi. Sijui kama nilitafuta kasi tu.

Nikaifuta ile amri ya kusimama, nikauliza tena. Ikakawia.

"Imelala?" mzee akauliza.

"Inatafuta wote, muzee."

Likatoka jina la mjomba. Baadaye, la yule mama.

"Murakoze, mwanangu," akanishukuru, na mimi sikujua pa kuyaweka macho.

Nikamwomba mzee turudie mashamba yote ambayo kesi zake tumekwisha kuzifunga.

"Yote? Watu wameshagawana!"

"Yote, muzee."

Akaguna, akakubali. Nimeanza leo, polepole. Tayari limetoka jina jingine, la mvuvi niliyemjibu "haiko" bila hata kuinua kichwa. Nimemuulizia ufukweni. Wanasema alikwisha kuvuka ziwa, amerudi Kongo na watoto wake.